Hita ya Lori Letu la Jeshi

Muuza spea wa kwanza niliyemwuliza habari ya hita alicheka mpaka akakaa kitako. Nilikuwa nimesimama mbele ya meza yake, buibui limenigandama mgongoni kwa jasho, na feni ya dukani inazunguka kwa kelele bila kutoa upepo wa maana.

"Hita ya nini, bibi? Kwa Mombasa hii?"

Nikamwambia ni ya lori. Akawaita wenzake waliokuwa ndani waje nao wasikie. Mimi sikucheka. Wiki hiyohiyo nilikuwa nimemburura mume wangu kutoka ndani ya lori hilo hajitambui, na kila aliyecheka pale dukani niliona anamcheka yeye alivyolala kwenye matope.

Lori lenyewe lilikuwa la jeshi. Mume wangu na kaka yake walilinunua mnadani kwa ushirika, likiwa bado na rangi ya kijani iliyopauka, na kebini yake haina paa la bati wala milango ya maana. Juu turubai, ubavuni turubai, unafunga kwa kamba na mikanda kama mzigo. Lakini lilikuwa na nguvu. Lilipita kwenye tope lililowashinda wengine, na ndiyo sababu tukaanza kwenda nalo Kinangop, bara kwenye milima, kuchukua viazi, tukivileta Majengo kuwauzia akina mama wa viazi karai na bajia. Mume wangu aliendesha. Mimi nilifuatana naye kwa sababu mimi ndiye niliyejua kuchagua viazi. Yeye angeletewa vilivyooza chini ya gunia, akashukuru.

Shemeji yangu, yaani huyo kaka yake, alikaa Ganjoni, na ofisi yake ya kutoa mizigo ilikuwa karibu na bandari ya Kilindini. Hakupata kulipanda lori hilo hata kwenda nalo Makupa. Hata hivyo kila neno kuhusu lori lilikuwa lake, kwa kuwa ndiye mkubwa.

Mtu aliyezaliwa Mji wa Kale hajui baridi. Tunasema kuna baridi mvua ikinyesha na mtu akatafuta shuka la pili. Kinangop baridi ilipanda kutoka chini, kwenye matundu ya sakafu yalipopita mapedali, ikaingia miguuni na kukaa. Mume wangu aliniambia mara nyingi kwamba hausikii unyayo wake, kwamba anakanyaga breki kwa kukisia. Kioo cha mbele nacho kilifanya ukungu kwa ndani, nami nikawa nakifuta kwa leso njia nzima huku yeye akichungulia kitundu kidogo kama mtu anayechungulia jirani. Tulimwambia shemeji kwamba lori linahitaji hita. Jibu lake lilikuwa fupi.

"Vaeni soksi."

Tulipomwambia mara ya pili alikuja mwenyewe nyumbani, na mkononi ameshika jiko jipya la makaa. Aliliweka chini sebuleni kwetu kama aliyeleta zawadi ya harusi.

"Nimewafikiria," akasema. "Mtaliwasha mkiwa mmesimama mnangoja mzigo."

Nikamwuliza, "Na moshi, shemeji?"

"Makaa yakishashika hayana moshi. Kwani wewe hupiki?"

Mume wangu akanitazama jicho lile analonitazama mbele ya kaka yake, jicho la kunitaka ninyamaze. Kisha akasema, "Ahsante, kaka." Nikalichukua jiko nikalitia garini.

Safari hiyo mvua ilinyesha mchana kutwa. Tulifika shambani wapakizi wakiwa wamejificha chini ya kibanda, tukaambiwa tungoje ipungue. Mume wangu akafunga turubai pande zote na kuliwasha jiko kati ya miguu yetu. Kwanza lilikuwa raha. Nilivua viatu nikaota moto. Baadaye kichwa kikaanza kunigonga, nikadhani ni njaa. Nikamwuliza mume wangu kama amebakisha mkate, akanijibu maneno yasiyoshikana, kitu kuhusu samaki na ngazi, kisha akalaza kichwa juu ya usukani. Nilimwita. Nilimwita tena. Nilipotaka kuinuka magoti yalikataa, yakawa kama ya mtu mwingine.

Sijui vidole vyangu vilifungua vipi ile mikanda ya turubai. Nakumbuka kuanguka nje, uso matopeni, na hewa baridi ikinichoma kifuani. Nakumbuka nimemshika koti nikimvuta, nikimtukana kwa maneno ambayo sijawahi kuyatamka mbele yake, mpaka akaporomoka juu yangu. Mwenye shamba, mama mmoja mtu mzima, alikuja mbio na wapakizi wake. Wakamlaza kwa ubavu, mvua ikimnyeshea, akatapika, akafumbua macho.

Yule mama alituingiza kwake akatupa chai. Alipoliona lile jiko ndani ya lori alishika mdomo. Kwao, alisema, kila msimu wa baridi kuna nyumba watu wanamojifungia na jiko usiku, na asubuhi hawaamki.

"Nani amewapa jiko la kuweka garini?"

Mume wangu, midomo bado myeupe, akajibu, "Tulinunua wenyewe."

Hapo ndipo hasira yangu ilipoanza, na haikuanza na shemeji. Ilianza na huyu aliyekuwa karibu na kufa, ambaye neno lake la kwanza lenye maana lilikuwa la kumfichia kaka yake aibu.

Tuliporudi Mombasa nilidhani atasema. Ijumaa tukaenda kwa mama mkwe, Mji wa Kale, kula chakula cha mchana kama kawaida. Shemeji alikuwepo. Sinia likaletwa, watu wakala, ikazungumzwa bei ya mchele na harusi ya jirani. Mume wangu alikula wali wake ameinamisha kichwa. Nikangoja. Shemeji ndiye aliyeanza.

"Na lile jiko limewafaa?"

"Limefaa, kaka," akasema mume wangu.

Nikaweka kijiko chini. "Limetaka kutuua," nikasema. "Mwanao huyu, mama, nimemtoa garini amezirai kwa jiko hilo. Ametapika mvuani kama mtoto."

Mama mkwe akamgeukia mume wangu. "Hukuniambia."

"Kichwa tu kiliuma, mama."

Shemeji akafuta mikono polepole. "Jiko mama yetu amelitumia umri wake wote. Mngeacha upenyo kidogo. Mambo haya yanataka akili."

"Basi panda wewe na akili zako," nikamwambia. "Kaa ndani ufunge turubai, mimi nitakungoja nje."

Haikuwa adabu, najua. Sijawahi kumwambia hivyo kabla. Mama mkwe aliniambia nishushe sauti, majirani wanasikia, na nikamjibu wasikie. Nilisema mbele yao wote kwamba lori halitapanda tena bara na mimi ndani, wala na mume wangu ndani, mpaka litiwe hita, na kwamba hita nitaichagua mimi. Shemeji akatabasamu. "Hita Mombasa," akasema. "Watu watatucheka."

Walicheka kweli, kama nilivyosimulia. Yule wa duka la kwanza alipomaliza kucheka aliniletea kihita kidogo cha kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara. Nikasoma nyuma yake: volti kumi na mbili. Lori letu lina betri mbili, umeme wake ni volti ishirini na nne, na tulishaunguza taa kwa kosa hilohilo. Nikamwambia.

"Itafanya kazi tu," akasema.

"Itafanya kazi ya kuungua," nikamwambia, nikatoka. Mume wangu alikuwa nyuma yangu muda wote, mikono mgongoni, kama aliyenisindikiza hospitali.

Duka la pili, upande wa Kilindini wanakovunja magari ya zamani, walikuwa nayo ya dizeli. Hii ilinivutia. Inachoma dizeli yake yenyewe na inatoa joto hata injini ikiwa imezimwa, na sisi shida yetu kubwa ilikuwa kungoja mzigo. Lakini ilikuwa imetumika, na bomba lake la kutolea moshi limezibwazibwa kwa gundi. Nikalikwaruza kwa ukucha. Gundi ikabanduka, kidole changu kikapita.

"Hiyo yachomelewa," muuzaji akasema.

"Moshi huu unakwenda wapi ukitoka hapa?"

Nilijua unakokwenda. Nikamwambia sitaki tena kitu chochote kinachowaka moto ndani ya kebini yetu, si makaa wala dizeli.

Ya tatu ilikuwa palepale, ndani ya lori lingine lililovunjwa. Ni kama rejeta ndogo ndani ya sanduku la bati, na nyuma yake feni. Maji ya moto ya injini yanapitishwa humo kwa mipira miwili, feni inapuliza, hewa ya joto inaingia kebini. Hakuna moto. Dosari yake ni moja: ukizima injini, inapoa. Nikaifikiria dosari hiyo nikaona afadhali kutetemeka. Nikataka feni ijaribiwe kwa betri mbili, ikazunguka. Nikataka sanduku litiwe maji na kuzibwa, nikalishika mapajani nikingoja kama litavuja, na watu wa pale wakinitazama kama kichaa. Halikuvuja.

Mume wangu akasema, "Tumwulize kaka kwanza."

Niligeuka nikamtazama. Sikupaza sauti, nilikuwa nimekwisha pita huko. "Ulipolala kwenye usukani," nikamwambia, "mimi sikumwuliza mtu."

Akaichukua mikononi mwangu akaenda nayo kwenye gari.

Fundi wetu naye alikuwa na lake. "Miaka yote nafanya kazi ya kutoa joto kwenye magari ya watu," alisema, "leo waniambia nitie." Hakuwahi kufunga hita, na alikiri hivyo, nikamheshimu kwa hilo. Aliifunga chini ya dashibodi upande wangu, akaziba matundu ya mapedali kwa mpira wa tairi, na akapeleka bomba dogo kwenye kioo ili joto lifute ukungu. Koki ya kuzuia maji ya moto akaisahau. Tuliligundua hilo baadaye tukiwa njiani kupanda bara, jua la mchana juu na hita haizimiki, tumelowa jasho kama waliotumbukia kisimani. Nilimlaumu fundi mpaka Voi, ambako mume wangu alisimama akaibana mipira kwa waya.

Kinangop palikuwa na baridi ileile na mvua ileile. Alifungua ule waya, na tulipokuwa tukipanda, kioo kilikauka kuanzia chini, kidogo kidogo, mpaka tukaiona barabara nzima. Mume wangu alichezesha vidole vya miguu ndani ya kiatu akacheka peke yake. Nami moyo wangu ulilainika. Nilitaka kumwambia neno jema.

Tulipofika shambani akatoa simu akampigia kaka yake.

"Kaka, salaam aleikum. Mashallah, hita yako inafanya kazi vizuri sana. Mungu akulipe."

Hita yako. Aliposhusha simu nikamwuliza, hita ya nani?

"Ni heshima tu," akasema. "Maneno tu. Hayapunguzi kitu."

"Yananipunguza mimi."

Akaweka mikono juu ya usukani, injini inanguruma kwa sababu hatukuthubutu kuizima. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Yeye ndiye aliyenilea baba alipofariki. Sijui kumwambia amekosea. Sijui maneno yake yanaanzaje."

Nilimwelewa. Kumwelewa hakukunitoa hasira. Nilishuka nikaenda kwenye magunia, nikamwambia mpakizi alifungue la kwanza alimwage lote chini, nikaanza kuchagua.

Shemeji mpaka leo huwahadithia wageni wake Ganjoni jinsi alivyotia hita katika lori la jeshi Mombasa, na wageni hucheka, naye hucheka nao. Mara moja alihadithia mbele yangu. Nilimngoja amalize, kisha nikawaambia wageni imewekwa upande gani, inatumia volti ngapi, na jiko lilikuwa la nani. Mume wangu alikuwa amekaa karibu yangu. Safari hii hakunitazama jicho lile la kunitaka ninyamaze.