Bango la Akinyi Lililogoma Kubanduka

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa ndoo, brashi ya chokaa na rundo la mabango ya maonyesho ya kilimo. Bwana Msimamizi wa Matangazo, mtu wa kaunda suti na maneno machache, akaniambia, "Bango likikaa kwenye ndoo halimwiti mtu. Bandika yote, usirudi na hata moja."

Hiyo ilikuwa Kisumu, mapema miaka ya themanini. Gundi tulipika wenyewe: unga wa ngano na maji, unakoroga mpaka uwe uji mzito. Nyinyi vijana wa gundi ya dukani hamjui shida yake. Soko la Pap Onditi nilibandika asubuhi; kurudi mchana, mbuzi wamekula maonyesho yote, wanalamba ukuta! Msimamizi alinifokea mbele ya soko zima. Aliyeniokoa ni mke wangu, Akinyi. "Tia shubiri," akasema. "Mbuzi akionja mara moja, harudi." Nikachemsha shubiri mwitu ndani ya uji, na tangu hapo si mbuzi wala mende aliyegusa bango langu.

Mwaka uliofuata mchoraji wetu wa mabango alitafuta sura ya mama mwenye kikapu cha samaki. Akinyi alikuwa ameniletea chakula. Akachorwa palepale, anacheka, mwanya wake wazi. Nilimbandika mke wangu kutoka mtaa wa Kaloleni, mjini, hadi Muhoroni, watu wakinitania, "Bwana, si umfiche kidogo!" Na kwa kuwa niliambiwa nisirudi na hata moja, sikurudi na hata moja. Mjinga mimi.

Akinyi alifariki miaka ya tisini ilipoanza. Picha iliyobaki ilikuwa ya kitambulisho, amekunja uso kama mtu aliyekamatwa. Ndipo nikaanza kukusanya mabango ya zamani. Nililowesha kuta kwa maji ya moto, nikabandua kwa kisu butu, polepole. Nikapata la ng'ombe, la trekta, la mahindi. La Akinyi sikulipata mpaka nikastaafu.

Kisha dereva mmoja wa lori la miwa akaniambia ameliona Muhoroni, kwenye duka la Mama Njeri, mfanyabiashara aliyehamia kutoka Murang'a. Nilikwenda kesho yake. Lilikuwa kwenye mlango wa mbao unaofungukia ndani, mchana kutwa uko kivulini, ndiyo maana jua halikulimaliza. Akinyi alikuwa anacheka vilevile. Nililia mbele ya wateja, wala sioni haya kusema.

Nikalowesha pembe moja. Karatasi haikusogea. Nikatia kisu, ikaanza kuchanika. Uji wangu mwenyewe, umezama ndani ya mbao!

"Mzee, acha," Mama Njeri akasema. "Utamkata shavu."

"Niache vipi, Mama? Huyu ni mke wangu. Marehemu."

Akamtazama, akanitazama. "Basi beba mlango. Utaniletea mwingine."

Nilimletea mwingine, wa mninga. Ule wa zamani uko sebuleni kwangu, umeegemea ukuta, haufungukii popote. Kila asubuhi naupangusa vumbi. "Akinyi," namwambia, "mimi nimestaafu, lakini shubiri yako bado iko kazini."