Siku Aliyobaki Germana Juu ya Magunia

Trafiki Piusi wa Karatu alikuwa na jina la utani, Bwana Shukeni, na alilipata kihalali. Kila lori la vitunguu kutoka Mang'ola alilisimamisha kizuizini, akawashusha wote waliokaa juu ya magunia, kisha akamtaka dereva arudi nyuma mpaka kwenye kijilima, aliachie gari literemke, akanyage breki. Mbele kulikuwa na mteremko wa Manyara, na mteremko ule haukuwa na mzaha. Watu walimwita mkorofi; hakujali. Hata mkewe Germana, mwenyeji wa Endabash, akienda kuuza vitunguu Arusha alishushwa kama wengine, akabaki kumcheka mumewe pale barabarani.

Mwaka 1984 wakaja wazungu na kamera. Huko kwao walikuwa na mfululizo wa vipindi vya televisheni juu ya kazi za trafiki. Karatu nani alikuwa ameiona hiyo televisheni? Lakini Piusi alipiga pasi sare yake nyeupe mpaka ikakaribia kusimama yenyewe. Asubuhi nzima walimpiga picha akishusha watu na kupima breki. Halafu wakataka lori moja lipite bila kusimama naye akipiga saluti, eti vumbi lingependeza juani.

Lililofuata lilikuwa la dereva Inosenti, na juu yake alikaa Germana, amevaa kitenge chake cha kanisani kwa ajili ya kamera hiyohiyo. Lilipopunguza mwendo akauliza huku akicheka, "Baba Hyasinta, leo hatushuki?"

"Leo bakini," Piusi alisema.

Akapiga saluti, akawapungia waende. Breki zikagoma mteremkoni. Inosenti alitoka na mguu uliovunjika, Germana hakutoka. Wazungu walikuwa wameshapanda Ngorongoro, wala hawakupata habari.

Baada ya matanga Piusi alirudi kizuizini. Alipowaambia watu washuke hakuna aliyenung'unika tena, na ukimya ule ulimuuma kuliko matusi. Nyumbani alibaki na Hyasinta, ambaye mama yake alikufa kabla hajaanza kutembea. Picha ya Germana haikuwepo hata moja. Mtoto alikua akiuliza watu mama yake alikuwaje, na kila mtu alimjibu lake.

Miaka ilipita, filamu ikafika misheni, zawadi kutoka kwa wale wazungu. Padri Patrisi alimwendea Piusi kwanza, akamweleza yaliyomo, akasema asipotaka haitaonyeshwa. Piusi aliogopa, tena sana. Binti yake alijua habari ya lori tu. Hakuna aliyethubutu kumwambia ni nani aliyeliruhusu. Lakini uso wa mama yake ulikuwa humo, hapakuwa pengine. Akasema ionyeshwe.

Mapazia ya ukumbi yalifungwa mchana kweupe. Germana akatokea ukutani, anacheka, kitenge kinapepea. Hyasinta akamshika baba yake mkono, akauliza kama ndiye. Piusi akaitikia kwa kichwa. Pale ukutani akajiona akipunga mkono, na lori likapotea vumbini.

Machozi yalimtiririka Hyasinta. Kisha akasema, "Baba, mwombe padri arudishe."

Piusi akasimama mbele ya watu wote, akaomba irudishwe. Ilirudishwa tena na tena mchana ule, na kila mara lori lilipokaribia kizuizi, waliokaa jirani naye walimsikia akisema kwa sauti ndogo, "Shuka, mama Hyasinta. Shuka."