Saa ya Barabara Kuu ya Tororo

Miezi minne baada ya kumzika mke wangu, wakubwa wa mji wa Tororo walinitafuta nitengeneze saa ya barabara kuu. Mimi ni fundi saa, nina kibanda Busia, upande wa Kenya. Saa hiyo ilisimikwa juu ya nguzo ya chuma enzi za wakoloni, na ilikuwa imekufa miaka mingi, njiwa wamejenga ndani yake. Nilikubali upesi. Nyumbani hapakuwa na wa kuniuliza nakwenda wapi.

Kila asubuhi nilivuka mpaka kwenda Tororo na mfuko wangu wa vifaa. Nilipanda ngazi, nikatoa viota, nikaosha magurudumu kwa mafuta ya taa. Gurudumu moja lilikuwa limelika meno. Nilichonga jipya kwa tupa, jino baada ya jino, siku tisa.

Ng'ambo ya barabara alishona mama mmoja mjane, Mwislamu, cherehani yake barazani. Siku ya kwanza aliniita.

"Fundi, shuka kwanza. Hiyo saa imengoja miaka, itashindwa kungoja chai?"

Tangu hapo tulikunywa chai pamoja kila adhuhuri. Siku moja aliniuliza mke wangu alipenda kupika nini. Nilipomjibu, nilishangaa jinsi sauti yangu ilivyokwaruza kwa kukaa bila kutumika.

Jumatatu moja saa ikatembea. Nilitazama chini: watu wanapita na simu zao, hakuna aliyeinua kichwa. Nikaisimamisha. Siku mbili zilizofuata nilipanda ngazi kupangusa kioo kilichokwisha takata.

Alhamisi mama alinimiminia chai, akasema, "Hiyo saa ilipona Jumatatu. Niliona mshale unatembea."

"Mbona hukusema, mama?"

"Hata wewe hukusema."

Niliinamia kikombe changu.

Ijumaa niliiwasha. Wakubwa walipiga picha, wakaondoka. Nikifunga mfuko, mama akavuka barabara.

"Sasa utakuja tena lini?"

"Saa iliyo nzima haihitaji fundi."

"Mimi sikuuliza habari ya saa."

Nilimuaga, nikapanda bodaboda hadi mpakani.

Sijarudi bado. Juzi mteja kutoka Tororo aliniambia saa inakwenda vizuri, haipotezi hata dakika. Nilimshukuru. Moyoni nilitamani angesema inachelewa kidogo.