Nilitibiwa Kifafa kwa Jina la Rafiki Yangu

Wapendwa wa ukurasa huu, nawaomba mlifiche jina langu kabisa, maana Lusenda ni padogo na mume wangu naye ana simu. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na tisa, nimeolewa, nina watoto wawili. Nina kifafa tangu nikiwa na miaka kumi na mmoja, na mume wangu hajui. Mtashangaa mtu anawezaje kulala na mwenzake miaka saba asijue. Nikimeza vidonge vyangu bila kuruka siku, sianguki, na miaka yote hiyo mama yangu mzazi ndiye aliyekuwa ananichukulia dawa mjini Baraka na kuniletea zimefichwa ndani ya unga wa muhogo. Mama alifariki mwaka juzi. Nilimlia kwa uchungu wote, ila nakiri, katikati ya kilio nilikuwa nawaza vidonge vimebaki vingapi.

Kituo cha afya cha kijiji chetu sikuweza kwenda, kwa sababu muuguzi wa pale ni binamu wa mume wangu, na safari ya Baraka kila mwezi mume wangu angeniuliza naenda kufanya nini. Nikamfuata rafiki yangu, nimuite Espérance, mkimbizi kutoka Burundi anayeishi kambini. Alikuja zamani kuomba kulima kipande cha shamba letu, tukaishia kulima pamoja na kutaniana mpaka akawa ndugu. Nilimwambia kichwa kinanisumbua na kwetu dawa hakuna, aniazime fishi yake, ile karatasi ya matibabu ya wakimbizi. Hakuniuliza mara mbili.

"Chukua, dada. Mi siko mugonjwa, ile fishi iko inakula vumbi tu ku nyumba."

Nikaenda kituo cha afya cha kambini, nikaitika jina lake, nikamweleza muuguzi ugonjwa wangu wote, naye akauandika kwenye fishi. Karibu miaka miwili nimekunywa dawa kwa jina la Espérance, kila mwezi naiazima fishi na kumrudishia. Yeye hajui kusoma, na hilo nililijua vizuri.

Sasa Espérance ana mimba ya miezi mitano. Wiki tatu zilizopita alianguka kwenye bomba la maji. Alikuwa hajala tangu jana yake na jua lilikuwa kali, jambo ambalo lingemwangusha mtu yeyote. Majirani wakambeba mpaka kituoni, na fishi yake wakaichukua. Muuguzi wa zamu alikuwa mgeni, hamjui yeye wala mimi. Akaisoma, akauliza mbele ya wote waliombeba, "Huyu iko na kifafa. Alishaacha kunywa dawa?" Kabla ya jioni kambi nzima ilikuwa na habari. Akapewa vidonge vilevile ninavyokunywa mimi, na vinamlaza mchana kutwa. Kinachonitesa zaidi ni kwamba mimi nilipobeba mimba, mama alienda kuuliza Baraka, wakanibadilishia dawa ili mtoto asidhurike. Kwa hiyo siwezi kusema sikujua.

Nilienda kumwona pamoja na mama mkwe wangu. Wanawake walikuwa wamepika bugali na ndagala, wale dagaa wa ziwani, tumezunguka sahani moja kama kawaida, lakini Espérance alikuwa amewekewa sahani yake peke yake karibu na mlango. Mama mkwe akaninong'oneza, "Usikule naye. Mate yake ikikugusa, na we utaanguka. Uko na batoto." Nikanawa mikono, nikakaa upande wa wazima. Mwenye kifafa katika nyumba ile alikuwa mmoja tu, naye ndiye aliyekuwa anamega bugali katikati ya wenzake. Espérance aliniona, akatabasamu ili nisione haya. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi ndiye niliye nguoni mwake. Siku hizi mume wake analala kwa kaka yake, na mawifi wanasema mtoto atazaliwa na ugonjwa huohuo.

Juzi alinifuata shambani, anatembea polepole kwa usingizi wa vile vidonge. Akaniambia, "Dada, hii kitu balikosea kuandika. We ulikuwa unaenda na fishi yangu juu ya kichwa, si ndiyo? Ule muganga alichanganya. Jumatatu twende wote, we utasema ukweli, batafuta ile ugonjwa ku fishi."

Nikamjibu, "Ndiyo, twende."

Nikisema ukweli, naogopa watamwadhibu yeye kwa kuniazima fishi, na mume wangu atajua ameoa nani. Nimeona kwa macho yangu wanavyomtenga mtu ambaye hata ugonjwa hana. Mimi mwenye nao watanifanya nini? Tena fishi sasa iko mikononi mwake na vidonge vyangu vinaisha wiki hii, kwa hiyo huenda nikaanguka mwenyewe mbele ya watu kabla sijafungua mdomo. Nikinyamaza, ataendelea kumeza dawa yangu na mtoto tumboni. Mtaniita nyoka. Niiteni, nimeshajiita hivyo.

Ila msinitukane mkaondoka. Kama kuna muganga wa hospitali anayesoma hapa, aniambie: je, aache vile vidonge leo, au kuviacha ghafla nako kuna hatari? Nanyi wazazi na dada zangu, nianze kwa nani? Kwa yeye, kwa mume wangu, au kwa muuguzi? Na mtu anamwambiaje rafiki neno kama hili?

Leo ni Jumamosi. Asubuhi Espérance amepita hapa kwangu kunishukuru mapema, anasema bila mimi nani angemwamini.