Hadithi za Mchana

Wanafunzi wangu wa fasihi hulalamika kwamba simwamini msimulizi yeyote. Ni kweli. Wakiniletea hadithi waliyoikusanya kijijini, kabla sijauliza inahusu nini nauliza ilisimuliwa saa ngapi, na wao walikuwa wameshika nini mkononi. Wanadhani ni uzee. Ugonjwa huu ulinianza utotoni, Njombe, enzi za Mwingereza, na aliyeniambukiza ni bibi yangu mzaa mama.

Bibi alikuwa na sheria moja: hadithi haisimuliwi jua likiwa juu. Ukivunja, alisema, viazi vitaoza ardhini. Basi tulingoja jioni, ukungu ukishuka na sisi watoto tukigombea nafasi ya karibu na moto. Jioni hizo sikuzifaidi sana, maana nilipelekwa mapema kwenye bweni la misheni ili nisome. Aliyebaki jikoni kwa bibi ni dada yangu. Yeye hakupelekwa shule, na kwa muda mrefu nilimhurumia.

Mwaka mmoja mwalimu alituagiza kila mtu arudi kutoka likizo na hadithi ya kwao, iliyoandikwa. Nilimkuta bibi uani anapepeta ulezi, jua la utosi. Nikamwomba ile ya mgeni aliyeomba moto, ambayo zamani nilikuwa nasinzia kabla haijafika mwisho.

Akaitazama penseli yangu. Nilijua kwa nini haipendi. Kaka yake aliwahi kumtajia mpima ardhi majina ya vijito na vilima vya ukoo wao, kwa ukarimu wote, na yule mtu akaandika. Haukupita muda mrefu, kilima kikajaa miwati, miti ya biashara ya wazungu, na kaka yake akawa anaomba ruhusa ya kuokota kuni pale pale alipozaliwa. Kwa hiyo nilitegemea kufukuzwa. Badala yake bibi aliweka ungo chini, akanipangusia kigoda.

"Kaa hapa, mume wangu," alisema kwa Kibena, akinitania kama mabibi wanavyowatania wajukuu wa kiume. "Andika."

Mchana kweupe! Nilijiona mjukuu mpendwa kuliko wote. Kwa ajili yangu bibi alikuwa radhi viazi vioze.

Palikuwa na mwanamke, alisema, ambaye peke yake alikuwa na moto katika bonde zima. Siku ya baridi kali akaja mgeni kuomba kaa. Akampa, na kesho yake mgeni akarudi na ng'ombe wa shukrani. Nilipomsomea dada nilichoandika, alicheka mpaka akashika ukuta. Nilipomuuliza anacheka nini, akachukua mtungi akaenda kuteka maji. Mwalimu, yeye, aliipenda mno. Aliisomea darasa zima na kumalizia kwa "mgeni njoo, mwenyeji apone".

Kicheko cha dada hakikunitoka. Likizo iliyofuata nilipanda lori na bibi hadi Makambako, kumpokea mjomba aliyekuwa anarudi kutoka mashamba ya mkonge. Tulikaa njia panda juu ya gunia mchana kutwa, upepo wa Makambako ukitujaza vumbi machoni. Hapo nikambana: ile hadithi inaisha vile kweli?

Bibi akageuka huku na huku kama anayeogopa kusikiwa, akaniinamia sikioni. Hapana, alisema. Yule mgeni aliupuliza moto aliopewa, akaichoma nyumba ya mwanamke, ili bonde zima liwe linaomba moto kwake.

"Hii ndiyo yenyewe," alisema. "Usimpe mwalimu wako."

Sikumpa. Niliamini moja kwa moja, kwa sababu niliona humo kaka yake, mpima ardhi na miwati. Nilifurahi kuliko siku niliyofaulu mtihani wowote.

Bibi alifariki nikiwa chuo cha ualimu. Jioni moja ya matanga, watu wameuzunguka moto, niliomba kuisimulia hadithi hiyo kwa kumkumbuka. Niliisimulia vizuri, tayari nilikuwa nimeanza kuipenda sauti yangu. Nilipofika kwenye nyumba kuungua, mabibi wawili walitazamana. Mwingine akasogeza ukuni ambao haukuhitaji kusogezwa. Hakuna aliyeitikia.

Nikamfuata dada jikoni. "Nimekosea wapi, dada?"

"Hujakosea, mdogo wangu. Umesimulia kama ulivyosimuliwa. Alikusimulia wapi?"

"Makambako. Tunamngoja mjomba."

"Jua lilikuwa wapi?"

Nikalikumbuka lile gunia la njia panda, mchana kutwa.

"Za mchana ni za wageni," alisema, akaendelea kumenya viazi. "Toka zamani. Kumbe hukuambiwa?"

Iliniuma, na mpaka leo inaniuma. Ile sheria niliyodhani imevunjwa kwa kunipenda haikuvunjwa hata siku moja. Akufukuzaye hakuambii toka. Anaweza hata kukupangusia kigoda. Tangu hapo nikaanza kushuku kila nilichopewa na bibi: majina ya mababu niliyoyaandika, njia ya kwenda kwenye makaburi yao, hata lile "mume wangu". Nimeifundisha hadithi hiyo chuo kikuu miaka mingi, na kila mwaka nawaonya wanafunzi kwamba mwisho wake sinao.

Dada sasa ni bibi wa watu. Juzi nilisafiri kwenda kwake, nikamwomba anipe mwisho huo kabla hatujafa sote. "Njoo jioni," alisema. Nilikaa Njombe mjini nikingoja jua lishuke, nimejaa furaha kama mtoto. Kalamu niliiacha makusudi nilikofikia.

Nilipokaribia mlango nilisikia sauti yake ndani, na wajukuu wakiitikia. Nikabisha hodi. Wote wakanyamaza. Dada akautazama mfuko wa shati langu, kisha akanitazama usoni. Maisha yake yote alikuwa ananiita mdogo wangu.

"Karibu, profesa," alisema. "Umekula?"