Mkwe Alipozisugua Rupia Zangu

Ninakusanya sarafu za zamani za fedha, hasa zile zilizogeuka rangi zenyewe. Rupia ikikaa miaka mingi ndani ya karatasi au kitambaa, hewa yetu hii ya chumvi huifanyia kazi polepole: ukingoni huwa rangi ya asali, kisha zambarau, na katikati bluu kama shingo ya tausi. Zangu nilizipata moja moja, Pangani, Kigombe, kwenye masanduku ya watu waliokwisha kufa. Nilizihifadhi katika kisanduku cha mninga juu ya kabati.

Mke wangu alipojifungua mtoto wetu wa kwanza, mama yake alitoka Moa akaja kwetu Tanga mjini kumlea uzazi. Alimpikia uji wa pilipili manga, akamkanda, akamwogesha mtoto. Mimi na yeye tulistahiana kama mtu na mkwewe: nikimwamkia shikamoo natazama chini, naye huitikia huku akijivutia khanga kichwani.

Siku moja nilirudi kutoka kazini nikamkuta amekaa ukumbini, sinia mapajani.

"Baba, nimekusaidia kidogo," alisema kwa furaha. "Zilikuwa zimeota kutu. Nikaona vibaya wageni wa arubaini ya mtoto wazikute vile."

Rupia zangu zote zilikuwa kwenye sinia, nyeupe, zinameta kama vijiko vya dukani. Pembeni yake palikuwa na majivu, maganda ya ndimu na kumbi la nazi.

Nikafoka. "Nani kakutuma uguse vitu vyangu? Unajua ulichofanya wewe?"

Nilimwambia hivyo mkwe wangu. Mke wangu alitoka chumbani na mtoto kifuani, akanitazama kama mtu asiyenijua. Mama aliweka sinia chini taratibu, akajifuta mikono, akaingia ndani. Asubuhi alisema amewakumbuka kuku wake, akaondoka.

Mke wangu hakugomba. "Mimi huna la kuniambia," alisema. "Mwendee mwenyewe."

Nilikwenda Moa, na juu ya bodaboda njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilimkuta uani anapeta mchele na jirani yake. Kabla sijafungua kinywa, jirani akadakia:

"Ndiye huyu mkweo? Mashaallah! Ametuhadithia wema wako wote, mwanangu. Na hii doti ya khanga uliyomnunulia, imempendeza kwelikweli."

Mimi sikuwa nimemnunulia khanga yoyote. Nilimtazama mama. Alikuwa ameinamia ungo wake.

"Ndiye," alisema.

Jirani alipoaga, nilipiga magoti palepale mchangani. "Mama, nimekukosea adabu."

"Nyanyuka, baba, watu watakuona. Mtoto ananyonya vizuri?"

"Ananyonya."

Alipeta kidogo, akasita. "Zile rangi zitarudi?"

"Labda huyo mjukuu wako akizeeka."

"Mimi sikujua," alisema. "Niwie radhi."

Nilitoka Tanga kwenda kuomba radhi, nikaombwa mimi. Alinipakulia wali na samaki wa nazi, nikala nimeinamisha kichwa.

Siku ya arubaini alikuja. Alikaa na wanawake wenzake uani, akacheka nao, akambeba mjukuu, na jioni ile ile akarudi kwao. Mtoto sasa anatembea. Mama huja kumtazama mara kwa mara, hutuletea mayai na nazi, lakini hajalala tena nyumbani kwangu.