Shati Moja kwa Siku Nne

Baba yangu ni dobi. Kibanda chake kiko mbele, sisi tunaishi vyumba viwili vya nyuma, na harufu ya mkaa na nguo zenye joto inapenya pazia mchana kutwa. Wateja wanamwita Mstari, kwa sababu ya ule mstari anaouacha kwenye mkono wa shati. Unaanzia begani, unashuka mpaka kwenye kifungo bila kuyumba. Mama ndiye anayepokea nguo. Anainusa kwanza, halafu anamtazama mwenyewe. Mimi nafua na kuanika. Tangu nilipoacha shule niko kwenye beseni lile, na ukiinama sana kwenye beseni watu wanasahau kwamba una macho.

Baba ana ugonjwa mmoja tu, baiskeli. Kazi ikipungua, anafunga safari na fundi baiskeli wa jirani. Wanapanda vilimani, wanazunguka, wanarudi kwa barabara ya mtoni, siku nne. Hawaendi kuuza wala kununua. Mama hajawahi kuelewa mtu anaendaje mahali asipo na shughuli, akarudi alikotoka, akasema amepumzika.

Safari ya kwanza Baba alibeba mzigo wa mtu anayehama. Mashati, suruali, blanketi, sufuria, hata kigoda cha kukalia. Alirudi siku ya pili juu ya lori la mchanga, magoti yamevimba. Fundi alimcheka mpaka akashika ukuta, kisha akampa somo: kabla hujafunga kitu kwenye baiskeli, jiulize kama uko tayari kukisukuma mlimani.

Somo lilimwingia. Safari iliyofuata alipanga vitu vyake juu ya meza ya kupigia pasi, nami nilikuwa napita na ndoo. Kulikuwa na shati moja, ukiacha fulana ya kuendeshea. Kaptula, koti la mvua, pampu, gundi na viraka vya tyubu. Sabuni alikata kipande. Halafu akachukua kisu kilekile akakata na mpini wa mswaki.

Mama alikuwa mlangoni. Alimuuliza kwa upole kama shati moja litatosha. Baba akasema litatosha, jioni atalifua, kesho yake atalivaa. Mama akasema sawa. Mama akisema sawa kwa sauti ile, mimi huacha ninachofanya.

Baba alipoondoka, Mama aliokota ule mpini uliokatwa, akaugeuzageuza kama mtu aliyeokota hereni isiyo yake.

"Mtu anayepiga pasi hata soksi," aliniambia, "anaondoka siku nne na shati moja. Nguo nyingine ziko wapi?"

Nikamjibu ziko kabatini, nimeziona.

"Siulizi za hapa."

Basi, na mimi nikaanza. Nikaliona kabati la pili, nyumba ya pili, beseni la pili, na binti mwingine ameliinamia. Nilijaribu kumfukuza kichwani lakini hakutoka. Hata sura nilimpa.

Siku ya nne Baba alirudi na fundi. Shati la fundi lilikuwa limekunjamana kama karatasi iliyotupwa. La Baba lilikuwa limenyooka, na mkononi, kutoka begani hadi kwenye kifungo, mstari. Alijieleza bila kuulizwa kwamba alisimama darajani akavua fulana na kulivaa shati, maana dobi hawezi kuingia mtaani kwake kama tambara. Kujieleza bila kuulizwa hakukumsaidia.

Mama alilipokea shati lile kama nguo ya mteja. Akalipeleka dirishani, akanusa kola, akapitisha kidole juu ya mstari taratibu. Baadaye aliniambia sabuni ni yetu. Lakini Baba hakubeba pasi. Sasa pasi ya nani?

Wakati wa kula akauliza. Baba akasema alilitandika chini ya godoro likiwa na unyevu, akalilalia. Godoro la nani? La nyumba ya wageni. Nyumba ya nani? Ya mzee mmoja kule vilimani. Huyo mzee ana mke? Baba akaweka kijiko chini, akasema hakumbuki. Mama akarudia neno hilo, hakumbuki, akamwongezea mboga.

Nilitumwa kwa fundi baiskeli, ati kuazima spana. Fundi alijua nimefuata nini. Akasema baba yangu kule analala kama maiti, hageuki hata mbu akimuuma puani, asije akaharibu shati. Nikapeleka jibu. Mama akasema fundi yule hata breki mbovu anaapa ni nzima.

Kesho yake nikakuta sanduku jekundu limeshushwa kutoka juu ya kabati. Mama alilifuta vumbi, akaliacha wazi karibu na kitanda. Baba alikuwa mtu wa kupakia kidogo, na sasa Mama alianza kupakia vyote. Leo shuka zake, kesho picha ya marehemu mama yake, keshokutwa viatu vya harusi. Akaniambia waziwazi kwamba kama huko kuna nyumba, yeye anakwenda kwa dada yake na harudi, na mimi nitachagua pa kukaa. Siku hiyo nilifua mashati ya watu mara mbili bila kujua. Baba aliliona sanduku. Aliliruka kila alipopita, na hilo nalo nililitilia shaka.

Jumapili, kibanda kikiwa kimefungwa, Mama alilichukua shati lilelile, akalilowesha, akalikamua, akampa Baba.

"Lala," alimwambia.

Baba alikunja mikono ya shati kwa ustadi wake wote, akainua godoro, akalitandaza, akajilaza chali. Mama akakaa kando akishona vifungo vya wateja, macho kitandani. Mchana ukapita hivyo. Mara moja Baba alitaka kujikuna, akatazamwa, akaacha.

Jioni Mama alilivuta shati akalipeleka dirishani. Mgongo ulikuwa umenyooka. Mkononi mstari ulikuwepo, lakini butu, umelegea katikati.

"Mstari huu sio ule," akasema.

Baba alieleza kwamba godoro letu ni sponji iliyochoka, imebonyea. La kule ni la pamba, gumu kama ubao.

"Godoro la kule umelijua vizuri."

Baba alitoka bila kuvaa viatu. Nilidhani ndiyo basi, nikaanza kuhesabu vyangu vitakavyoingia kwenye sanduku. Muda kidogo nikasikia cheni. Alikuwa anaisukuma baiskeli ya Mama, ile aliyosambazia nguo za wateja kabla sijazaliwa, iliyokuwa inaota kutu nyuma ya kibanda. Ilikuwa na tairi mpya.

"Twende ukalione mwenyewe," alimwambia.

Kesho yake alfajiri Mama alitoa gauni moja tu sandukuni. Baba akamsifu. Kisha Mama akaenda kibandani, akarudi na pasi ya mkaa, ile nzito ya chuma, akaiweka juu ya gauni. Alisema kama kule kuna nyumba, pasi watakuwa nayo, na kama hakuna, yeye hatembei amekunjamana. Baba aliyekata mpini wa mswaki aliitazama pasi ile kwa muda mrefu. Akaichukua, akaifunga kwa mpira kwenye keria ya baiskeli yake mwenyewe. Fundi, aliyekuja kuwaaga, aliiona pasi kwenye keria, akaliongeza upepo tairi la nyuma.

Nilibaki na kibanda, na sanduku limeachama kama lilivyokuwa. Sikuligusa.

Waliporudi Mama alikuwa anatembea kama aliyepigwa, pua imebabuka kwa jua. Gauni lake lilikuwa na mstari wa kukatia mkate. Nilifungua pasi, nikatazama mkebe wake wa kuwekea mkaa. Nilikuwa nimeupangusa kabla hawajaondoka, na ulikuwa safi vilevile, hata chembe ya majivu hakuna.

"Godoro ni gumu kweli," Mama alisema. Akanituma nirudishe shuka kabatini na sanduku juu yake.

Nilipokuwa nimepanda kiti naliinua, akasogea karibu. Yule mzee ana mke, alininong'oneza, bibi kizee wa meno mawili. Lakini alimpokea Baba akimwita Mstari. Nani alimfundisha?

Nikasema labda fundi.

"Labda," alisema Mama. Akaenda kuchukua mswaki wake, akanipa na kisu, nimkatie mpini.